Kutoka Mswada hadi Kitabu: Safari ya Riwaya ya Aniceti Kitereza, 1945–1980

Utangulizi

Mkolani, katika Wilaya ya Nyamagana jijini Mwanza, imo katika ujirani wenye historia ya fasihi isiyotajwa mara nyingi. Jirani yake ni Nyegezi, mahali ilipo seminari alikosoma Euphrase Kezilahabi hadi mwaka 1966, kabla ya kujiunga na Chuo Kikuu Dar es Salaam. Upande wa kaskazini, ng'ambo ya maji, kiko Ukerewe, kisiwa kikubwa kuliko vyote vya Ziwa Viktoria, alikozaliwa Kezilahabi mwaka 1944. Katika kisiwa hichohicho, Kezilahabi akiwa bado hajatimiza mwaka mmoja, Aniceti Kitereza alikamilisha mswada wa riwaya ndefu kuhusu mapenzi ya mume na mke. Hiyo ilikuwa mwaka 1945. Mswada huo ulitoka kama kitabu mwaka 1980, na mwandishi akafariki mwaka uliofuata bila kukitia machoni.

Mhadhara huu unafuatilia miaka hiyo 35 na kuuliza ni nini hasa kilichomtenga mwandishi wa riwaya ya mapenzi na wasomaji wake. Hoja yake ni kwamba historia ya riwaya ya Kiswahili, kwa jinsi ilivyozoeleka kuandikwa, huhesabu kazi kwa mwaka wa kuchapishwa. Hesabu hiyo ni rahisi kuifanya, lakini mara nyingi hupima urefu wa njia ya uchapishaji badala ya kupima kazi ya mwandishi. Waandishi wa kandokando ya Ziwa Viktoria ni miongoni mwa waliopunjwa na hesabu hiyo.

Mwandishi na mswada wake

Kitereza alizaliwa mwaka 1896 katika ukoo wa kitawala. Alikuwa mjukuu wa Omukama Machunda wa Ukerewe. Alisomeshwa na Mapadri Weupe katika misheni ya Kagunguli, kisha katika seminari ya Rubya upande wa magharibi ya ziwa, alikopata elimu ya Kilatini na Kijerumani pamoja na masomo ya dini. Hakuwa padri. Alirudi kwao, akaoa, na akaishi na mkewe Anna maisha yao yote. Watoto waliowazaa walifariki wangali wadogo, na wazee hao wakabaki peke yao.

Habari hiyo ya maisha inaisaidia riwaya kueleweka, ingawa riwaya si tawasifu. Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka ni mume na mke wasiokuwa na mtoto. Ndugu za mume wanamsukuma amwache mkewe atafute mwingine, na wazazi wa mke, wakiona binti yao anadharauliwa, wanakuja kumchukua. Myombekere anamfuata ukweni kumwomba arudi, na anatozwa faini ya pombe kabla ya kurudishiwa mke wake. Mwishowe wanapata tiba, na watoto wao, Ntulanalwo na Bulihwali, wanaingia katika sehemu ya pili ya hadithi. Mambo hayo yote yamewekwa katika Ukerewe ya kabla ya kuja kwa wakoloni, na yamezungukwa na maelezo mapana ya kilimo, uvuvi, uganga, adabu za ukweni na mazishi.

Kwa sababu ya maelezo hayo, wahakiki wengi wameisoma kazi hii kama hazina ya mila za Wakerewe. Usomaji huo ni halali, lakini unaweza kuficha jambo la kwanza linalomvuta msomaji, yaani mapenzi. Riwaya za mapenzi zilizo nyingi huuliza kama wawili wapendanao wataoana. Ya Kitereza inauliza swali gumu zaidi: je, wawili waliokwisha kuoana watadumu pamoja iwapo jamaa zao wote wana sababu nzuri ya kuwatenganisha? Mume anayekwenda kumbembeleza baba mkwe kwa ajili ya mke asiyezaa, katika jamii iliyomruhusu kuoa mwingine, ni mhusika mwenye mapenzi kamili. Faini ya pombe, ambayo kwa mtafiti wa mila ni desturi ya kuandikwa, katika riwaya ni kipimo cha mapenzi hayo.

Milango iliyokuwapo

Mwandishi aliyekamilisha mswada mwaka 1945 katika Tanganyika alikuwa na milango michache ya kubisha. Wamisheni walichapisha katekisimu, nyimbo, sehemu za Maandiko na vitabu vya kusomea. Mashirika ya London yalitoa vitabu vichache vya Kiswahili. Uhuru wa Watumwa cha James Mbotela kilitolewa na Sheldon Press mwaka 1934. Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki, iliyoanza kazi mwaka 1930, ilishughulikia usanifishaji wa Kiswahili na ukaguzi wa vitabu vya lugha hiyo. Shirika la East African Literature Bureau lilianzishwa Nairobi mwaka 1948, nalo lilichapisha kwa Kiswahili na kwa baadhi ya lugha nyingine zenye wasomaji wengi.

Kitereza aliandika kwa Kikerewe, lugha ya wasemaji wachache, na mswada wake ulikuwa mrefu kupita kiasi kwa kipimo cha vitabu vya wakati huo. Haukuwa kitabu cha dini wala cha shule. Kwa hiyo hakukuwa na mlango hata mmoja uliotengenezwa kwa ajili ya kazi kama ile. Tumaini lake la kwanza lilikuwa kwa mtu binafsi: Padri Almas Simard, mmisionari kutoka Kanada, aliyetaka kuutafsiri mswada kwa Kifaransa. Padri huyo alifariki mwaka 1954 kabla tafsiri hiyo haijachapishwa, na mswada ukarudi kuwa jambo la mzee mmoja kisiwani.

Inafaa kulinganisha. Mwishoni mwa miaka ya 1950 East African Literature Bureau liliendesha shindano la uandishi wa hadithi za Kiswahili. Mshindi wa shindano la mwaka 1957/58 alikuwa Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar, na hadithi yake, Mzimu wa Watu wa Kale, ikatolewa kama kitabu mwaka 1960. Mwaka huohuo ilitoka pia Kurwa na Doto ya Muhammed Saleh Farsy, riwaya ya maisha na ndoa katika kijiji cha Unguja. Mwandishi wa Unguja alikuwa na shindano, waamuzi na mchapishaji katika mnyororo mmoja. Mswada wa Kikerewe usingeweza hata kusajiliwa katika shindano hilo.

Hata hivyo, lugha peke yake haielezi kila kitu. Shaaban Robert aliandika kwa Kiswahili na sifa yake ilikuwa imeenea, lakini Utubora Mkulima na Siku ya Watenzi Wote zilichapishwa mwaka 1968, miaka sita baada ya kifo chake. Aliyekuwa na lugha ya kitaifa naye alingoja. Tofauti ni kwamba yeye alingoja ndani ya foleni iliyokuwapo, ilhali Kitereza alingoja mahali ambapo foleni haikupita.

Kiswahili: mlango na ushuru wake

Mwishoni mwa miaka ya 1960 walifika Ukerewe watafiti wawili wa Kimarekani, Gerald na Charlotte Hartwig. Wao walitambua uzito wa mswada na wakasaidia kuutafutia mchapishaji. Mwaka 1972 walichapisha makala kuhusu mwandishi huyo katika jarida la Research in African Literatures. Kwa njia hiyo Kitereza alijulikana kwa wanazuoni wa ng'ambo kabla kitabu chake hakijasomwa na jirani zake wa Mwanza.

Wakati huo hali ya nchi ilikuwa imebadilika. Tanzania Publishing House ilianzishwa mwaka 1966. Mwaka 1967 lilitoka Azimio la Arusha, na mwaka huohuo likaundwa Baraza la Kiswahili la Taifa. Uchapishaji wa kitaifa ulikuwa na maana ya uchapishaji wa Kiswahili. Ilidhihirika kwamba riwaya ingepata wasomaji kama ingekuja katika lugha hiyo. Mwaka 1969, akiwa na umri wa zaidi ya miaka 70, Kitereza aliitafsiri mwenyewe kazi yake yote. Kitabu kilichotoka mwaka 1980 chini ya Tanzania Publishing House, chenye zaidi ya kurasa 600, ni zao la kalamu hiyo ya uzeeni.

Wanazuoni wa Kiswahili wana wajibu wa kulitazama tukio hili pande zote mbili. Kwa upande mmoja, Kiswahili kiliiokoa kazi hii. Bila tafsiri ile, mswada ungeweza kuliwa na mchwa kama miswada mingine mingi. Kwa upande wa pili, Kiswahili kilidai ushuru. Mwandishi aliyetumia Kikerewe ili kuhifadhi maneno ya wazee alilazimika kuyaacha mengi ya maneno hayo ili asikike. Fasihi ya Kiswahili ilipata riwaya kubwa. Fasihi ya Kikerewe ilibaki na mswada. Si haki kuutaja ushindi wa lugha ya taifa bila kuutaja ushuru huo.

Waswahili husema: kawia ufike. Riwaya ilifika. Ilitafsiriwa kwa Kijerumani na Wilhelm Möhlig katika majuzuu mawili yaliyotoka mwaka 1990 na 1993, na ikatokea pia kwa Kifaransa. Mwaka 2002 Mkuki na Nyota ya Dar es Salaam ilitoa tafsiri ya Kiingereza ya Gabriel Ruhumbika, mwandishi ambaye naye ni mzaliwa wa Ukerewe, aliyetafsiri kutokana na mswada wa Kikerewe. Jambo hilo lina faida kubwa kwa watafiti, kwa kuwa linawezesha kuuliza Kitereza mtafsiri alibadili nini katika kazi ya Kitereza mwandishi. Swali hilo bado linastahili tasnifu zaidi ya moja.

Njia nyingine mbili za ukanda huohuo

Safari ya Kitereza inaeleweka zaidi ikiwekwa kando ya nyingine mbili. Ya kwanza ni ya Kezilahabi. Yeye aliandika Rosa Mistika moja kwa moja kwa Kiswahili, na East African Literature Bureau ikaitoa mwaka 1971, mwandishi akiwa na miaka 27. Mandhari yake ni Ukerewe na Mwanza, na kiini chake ni binti aliyelelewa kwa ukali bila kufundishwa lolote juu ya mapenzi. Kwa Kezilahabi kikwazo kilikuja baada ya kuchapishwa: riwaya ilipigwa marufuku shuleni kwa muda, kisha baadaye ikakubaliwa kuwa kitabu cha kiada. Elimu ya seminari na ya chuo kikuu ilimfikisha haraka kwa mchapishaji; haikumkinga na walinzi wa maadili.

Ya pili ni ya Eric Shigongo, mwenye asili ya Buchosa, ng'ambo ya magharibi ya Mwanza. Baada ya mageuzi ya uchumi na ya vyombo vya habari ya miaka ya 1990, Shigongo alianzisha kampuni ya Global Publishers, ambayo magazeti yake yalichapisha hadithi zake kwa mfululizo, zikiwemo za mapenzi, kabla ya kuwa vitabu. Hapa mwandishi alijenga mlango wake mwenyewe. Wahakiki huziweka hadithi hizo katika fungu la riwaya pendwa na kuzipitia harakaharaka. Lakini kwa historia ya uchapishaji ni jambo zito kwamba mwandishi wa ukanda huu hakuhitaji tena padri, mtafiti wala ofisi ya Nairobi ili asomwe.

Hitimisho

Kwa mwaka wa kuchapishwa, riwaya ya ukanda wa ziwa inaonekana kuanza na Kezilahabi mwaka 1971, na Kitereza anamfuata miaka tisa baadaye, kana kwamba mzee alijifunza kwa kijana. Kwa mwaka wa kuandikwa, picha inageuka: riwaya ya Kitereza ilikamilika miaka saba kabla ya kutolewa kwa Adili na Nduguze ya Shaaban Robert mwaka 1952, tena mbali na pwani. Kozi za fasihi zinazofuata hesabu ya kwanza zinamfundisha mwanafunzi kwamba bara lilipokea riwaya kutoka pwani na chuo kikuu. Hesabu ya pili inaonyesha kwamba bara lilikuwa na riwaya yake, isipokuwa ilikuwa ndani ya kasha.

Inapendekezwa basi kwamba kila orodha ya riwaya itakayotungwa kwa ajili ya ufundishaji itaje tarehe mbili pale zinapojulikana: ya kukamilika kwa mswada na ya kuchapishwa. Aidha, vyuo vilivyopo Mwanza viko mahali pazuri pa kukusanya na kunakili miswada iliyobaki kwa familia na kwa misheni za Ukerewe, Sengerema, Magu na kwingineko, iliyoandikwa kwa Kiswahili na kwa lugha nyingine za eneo hilo. Mwandishi chipukizi wa Mkolani anayeandika riwaya ya mapenzi leo anaweza kuipeleka katika Tuzo ya Kiswahili ya Mabati-Cornell, iliyoanzishwa mwaka 2014 na baadaye kuitwa Safal-Cornell, au katika Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, iliyotolewa kwa mara ya kwanza mwaka 2023. Zote mbili zinapokea kazi za Kiswahili. Mwandishi wa Kikerewe wa leo, akiwapo, bado anakabiliwa na uamuzi uleule alioukabili Kitereza mwaka 1969.