Siri iko kwenye unga wa kijiti

Leo tuache kompyuta kidogo, twende Malaba.

Kule mpakani, upande wetu wa Kenya, mafundi wa jua kali huletewa nyundo za mashine za kusagia mahindi zikiwa zimelika hadi zimekuwa duara. Fundi anazijaza chuma kwa kuchomelea, zinarudi kazini. Nilimuuliza mmoja mbona nyingine hudumu na nyingine zinakwisha upesi. Akanionyesha kijiti: "Waya ni ule ule. Tofauti ni huu unga."

Mtu wa programu akisikia hivyo lazima asimamishe masikio. Waya ndio mashine, unga ndio programu! Nikaenda kusoma.

Mrusi Nikolai Slavyanov alichomelea kwa fimbo ya chuma tangu 1888. Shida ya waya mtupu ilikuwa hewa: oksijeni na nitrojeni ziliingia kwenye chuma kilichoyeyuka, kikatoka na matundu, kikavunjika kirahisi. Dawa aliipata Oscar Kjellberg wa Sweden, aliyekuwa akirekebisha boila za meli. Alichovya vipande vya waya katika uji mzito wa kaboneti na silikati, akaviacha vikauke, na mwaka 1907 akaomba hataza. Unga ukiungua hutoa gesi inayofukuza hewa, na madini yaliyoyeyuka huelea juu yakaganda kama ukoko wa wali. Ndio ule ukoko fundi anaougonga akimaliza.

Baadaye hata ugumu ukatiwa kwenye unga. Vijiti vingi vya kuvalisha vyuma vilivyolika vina waya wa chuma cha kawaida. Kromiamu na kaboni zimo kwenye unga, zinaingia wakati wa kuyeyuka. Viwanda vya sukari huchomelea hivyo roli za kukamulia miwa huku zinazunguka! (Miwa ya Busia kwa miaka mingi ilikwenda Mumias, kiwanda kilichoanza kusaga 1973.)

Sasa lililoniuma. Ukiondoa kromiamu, msingi wa unga huo mara nyingi ni rutili, au chokaa na florspa. Rutili tulichimba Kwale, ikapakiwa melini Likoni tangu 2014 hadi uchimbaji ulipokoma Desemba 2024. Florspa tulichimba Kimwarer, Bonde la Kerio, hadi 2016. Ni kweli sehemu kubwa ilikwenda kwenye rangi na kemikali, si kwenye vijiti. Lakini mawe tulikuwa nayo. Tulichouziwa ni mapishi.

Na hata mapishi hayo hayamfikii fundi. Yeye hununua vijiti vya kuhesabu, viwili vitatu, kulingana na pesa ya mteja. Maelezo yamebaki kwenye boksi dukani, na namba kwenye kijiti mara nyingi imefutika. Basi anachomelea nyundo moja kwanza, inakwenda kusaga, naye anangoja mwenye mashine arudi kumwambia imedumu siku ngapi.