Afya ya akili kwa ndugu wanaosahauliwa: kanisa lifanye nini?

Katika parokia zetu nyingi za Kivu na Ituri, mtu akivunjika mguu familia humpeleka hospitali. Akianza kusema peke yake, kukimbia watu usiku au kukaa wiki nyingi bila kuoga, familia humpeleka kwanza kwenye chumba cha maombi. Makala haya yanaeleza huduma ya afya ya akili iko wapi kwetu mashariki, nani haimfikii, na sisi watu wa kanisa tunaweza kufanya nini.

Huduma iko wapi

Nchi yetu ina zoni za afya 519, lakini madaktari wa magonjwa ya akili ni wachache sana, na wengi wao wako Kinshasa. Huku mashariki, watu wanajua hasa SOSAME ya Bukavu na Tulizo Letu ya Goma, vituo vya Mabradha wa Karidadi wa Kanisa Katoliki. Hospitali ya Panzi, iliyoanzishwa mwaka 1999 na Daktari Denis Mukwege chini ya CEPAC, hupokea mama waliotendewa jeuri ya kimwili, na pamoja na upasuaji inawapa msaada wa kutuliza roho.

Vituo hivi viko mjini. Kwa mtu wa Bukavu ni safari ya pikipiki. Kwa mtu wa Shabunda ni safari ya ndege au siku nyingi za miguu, na vita vinaweza kufunga njia wakati wowote.

Si umbali peke yake

Hata watu wawili wa kijiji kimoja hawana njia moja. Tuwafikirie ndugu zetu Batwa wa kando ya hifadhi ya Kahuzi-Biega. Katika miaka ya 1970 waliondolewa msituni. Tangu hapo wengi wanaishi kwenye ardhi ya wengine, wakilima mashamba ya watu kwa malipo ya siku. Wamepoteza makao, wamepoteza dawa zao za msituni, na mara nyingi wanachekwa wanaposimama kwenye mstari wa kituo cha afya. Sheria ya tarehe 15 Julai 2022 inalinda haki za watu asilia wa nchi yetu. Ni sheria nzuri. Lakini anayempokea mgonjwa mlangoni ni mtu, na mara nyingi mtu huyo anaimba katika kwaya yetu.

Kuna pia lugha. Muuguzi anauliza kwa Kifaransa kama mgonjwa ana “depresio”. Mama anajibu kwa lugha yake kwamba moyo umekuwa mzito, mawazo ni mengi, usingizi umekwisha. Wasipoelewana, mama anarudi nyumbani na dawa za malaria.

Lakini njia ya kuvuka kizuizi hicho ipo. Mwaka 2013 yalitangazwa matokeo ya utafiti uliofanyika katika vijiji vya Kivu, kwa mama 405 waliopitia jeuri hiyo. Katika vijiji fulani, mama walikutana kwa vikundi mara 11 kujifunza namna ya kushindana na mawazo yanayowatesa. Aliyewaongoza hakuwa daktari, alikuwa msaidizi wa kijamii aliyesoma sekondari na kupewa mafunzo. Walitumia lugha za wenyeji, na kwa kuwa mama wengi hawakujua kusoma, mafundisho yalishikwa kwa kichwa. Miezi sita baadaye, waliobaki na dalili za huzuni nzito au wasiwasi mkubwa walikuwa 9 kwa 100. Katika vijiji ambako mama walipata msaada wa kawaida wa mtu mmoja mmoja, walikuwa 42 kwa 100.

Kosa letu wenyewe

Hatuwezi kuandika haya kana kwamba sisi tulifanya vema. Miaka michache iliyopita, kijana mmoja Mutwa alituletea dada yake, baada ya safari ya siku mbili kwa miguu. Tulimpokea katika chumba cha maombi. Tulifunga na kuomba, naye tukamfunga kamba ili asikimbie. Wiki ya tano alikuwa amekonda, na mikono yake ilikuwa na vidonda. Ndipo mama mmoja muuguzi alipotuambia: “Pasta, tuendelee kuomba, lakini huyu mtoto apate dawa.” Tulimpeleka. Baada ya miezi miwili alirudi akisema vizuri, akatuuliza kwa nini tulimfunga. Hatukuwa na jibu.

Kinachotuumiza zaidi ni hiki. Mwaka uleule, mtoto wa shemasi wetu alipatwa na shida kama hiyo. Siku ya pili tulikuwa tumekwisha kuchanga pesa za gari. Hakuna aliyesema tumwache Mutwa. Ila hakuna aliyemchangia.

Yanayowezekana katika kila parokia

*Kusikiliza kwa lugha ya mtu.* Tuchague mama na baba wanaojua kutunza siri, wa kila kabila lililo kati yetu, Batwa na wakimbizi wa ndani wakiwemo. Tukiongea na mgonjwa, tusitafsiriwe na mtoto wake.

*Kutomfunga, kutompiga, kutomnyima chakula.* Wanaofunga ni waombaji. Mgonjwa ale.

*Kujua hatari.* Mtu anayesema anataka kufa asiachwe peke yake, na apelekwe haraka. Mtu mwenye homa anayechanganyikiwa ghafla apelekwe siku hiyohiyo, kwa kuwa inaweza kuwa malaria iliyopanda kichwani. Kifafa ni ugonjwa wa ubongo, kina dawa, na mate ya mgonjwa hayaambukizi.

*Kuanzia karibu.* Tangu mwaka 2008, Shirika la Afya Duniani lina mpango wa kuwafundisha wauguzi wa kawaida kutunza huzuni nzito, kifafa na kuchanganyikiwa. Tuulize ofisi ya zoni ya afya kama kuna muuguzi aliyefundishwa hivyo karibu nasi. Kama hayupo, viongozi wa parokia waombe kwa barua.

*Kutosimamisha dawa.* Tusimwambie mtu aache dawa kwa sababu ameombewa. Wengi wanaoziacha ghafla hurudia kuugua. Daktari ndiye atasema lini zipunguzwe.

*Mfuko wa safari.* Sehemu ya sadaka ya mashemasi iwekwe kando kwa nauli ya mgonjwa na ya anayemsindikiza. Kwenye daftari yaandikwe majina ya waliosaidiwa na vijiji vyao. Mwisho wa mwaka tulisome. Likionyesha kwamba watu wa kabila moja au wa mtaa mmoja hawamo kamwe, tutakuwa tumeona kosa letu mapema kuliko tulivyoliona safari ile.

*Kumpokea anaporudi.* Apewe nafasi yake kwaya, shambani na mezani, bila jina la kichaa.

Katika Injili ya Marko sura ya 2, watu wanne walimbeba mgonjwa hadi kwa Yesu. Mlango ulikuwa umejaa watu, wakafumua dari. Mara nyingi tumehubiri juu ya imani yao. Tukumbuke pia kwamba waliojaa mlangoni walikuwa watu waliokuja kusikiliza Neno, nao hawakumpisha mgonjwa. Bwana atusaidie kumpisha, na kushika pembe moja ya kitanda chake.