Historia Fupi ya Kitu Kinachoamka Kwanza

Ijumaa moja saa nne usiku niliwasha laptopu yangu nikakuta kioo cheusi na mistari miwili. Wa kwanza ulisema `error: no such device`, ukifuatwa na mkururo wa namba na herufi. Wa pili ulikuwa `grub rescue>`, halafu kidoa kinachopepesa, kikinisubiri niseme kitu. Sikuwa na la kusema.

Ndani ya hiyo laptopu kulikuwa na mahojiano kumi na moja niliyokuwa nikiyaandika kutoka sauti hadi maandishi kwa ajili ya mteja. Yalitakiwa Jumatatu asubuhi, na malipo yake ndiyo yalikuwa rent. Laptopu yenyewe ni ex-UK. Mama aliinunua kwa mkopo wa chama nilipoingia chuo. Chuo nikaacha mwaka wa tatu, mkopo akaendelea kuulipa.

Jumamosi nikaipeleka kwa fundi mmoja tao. Aliitazama sekunde kama kumi hivi. "Boss, hii ni format tu. Elfu moja mia tano, lisaa limoja unaenda."

"Na faili zangu?"

Akainua mabega. Nikafunga laptopu, nikashukuru, nikaondoka. Sikuondoka kwa sababu najua mambo. Niliondoka kwa sababu niliogopa. Usiku huo nilisoma kwa simu mpaka bando ikaisha, na nilichosoma ni historia kuliko ufundi. Ndiyo nataka kukusimulia.

Kompyuta ikizimwa husahau. Ukiiwasha, kichakataji kiko tayari kufuata amri, lakini amri ziko kwenye diski. Kusoma diski kunahitaji programu, na programu hiyo nayo iko kwenye diski. Ni kama umefungiwa nje na ufunguo umeuacha mezani ndani. Wazungu walilipa fumbo hili jina la bootstrap, yaani kile kitanzi kilicho nyuma ya buti: picha ni ya mtu anayejinyanyua kutoka chini kwa kuvuta viatu vyake mwenyewe. Hapo ndipo tulipopata kubuti, na programu ndogo inayofanya kazi hiyo ikaitwa butiloda.

Zamani aliyefanya kazi hiyo alikuwa binadamu. Altair 8800, iliyoingia sokoni mwaka 1975, haikuwa na kibodi wala kioo. Ulipandisha na kushusha swichi zilizo mbele ya sanduku, baiti moja baada ya nyingine, mpaka programu ndogo iingie. Hiyo ndogo ndiyo iliyosoma ile kubwa kutoka kwenye mkanda wa karatasi. Mwaka huohuo Paul Allen alipanda ndege kwenda Albuquerque kuonyesha lugha ya BASIC aliyoitengeneza na Bill Gates kwa ajili ya Altair. Ndege ikikaribia kutua, akakumbuka kwamba hawakuandika butiloda. Aliiandika kwa mkono kwenye kiti chake cha ndege, na kesho yake ikafanya kazi.

Allen na Gates wote waliacha chuo. Watu wakisikia nami niliacha, hunitajia hao wawili haraka sana, kama dawa. Huwa hawanitajii kwamba shule yao ya upili kule Seattle ilikuwa na terminali ya kompyuta tangu 1968.

Agosti 1981 IBM ikatoa PC yake, na kazi ya zile swichi ikachukuliwa na BIOS, programu iliyochomwa kwenye chipu ya bodi. Kompyuta hiyo kwa kawaida iliwaka kwa flopi. Yaani kile tunachokiona leo kama mbinu ya dharura, kuwasha mashine kwa kitu cha kuchomeka na kuchomoa, ndicho kilikuwa mwendo wa kila siku. Diski ya ndani ilikuja na modeli ya XT mwaka 1983, ikiwa na megabaiti 10. Ikaja pamoja na utaratibu mpya: BIOS itasoma sehemu ya kwanza kabisa ya diski, baiti 512, na kuutii msimbo uliomo humo. Kati ya hizo 512, baiti 446 ni za butiloda, 64 ni orodha ya vyumba vinne vya diski, na 2 za mwisho ni alama ya kuthibitisha. Hesabu kila baiti kama herufi moja na hizo 446 hazijazi meseji tatu. Kwa karibu miaka thelathini, kompyuta nyingi duniani ziliamkia kwenye hako kanafasi.

Nafasi hiyo ilitosha mfumo mmoja. Shida ilianza mifumo ilipokuwa miwili. Mwaka 1991 Linus Torvalds, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki, alitoa Linux. Watu waliitaka, lakini hawakuwa tayari kufuta kile walichokuwa nacho. Mtu yeyote aliyewahi kuanza maisha mapya huku amebakisha namba ya zamani kwenye simu atawaelewa. Mwaka 1992 Werner Almesberger akaandika LILO, butiloda iliyokuuliza asubuhi: leo unataka upi?

LILO ilikuwa na tabia moja niliyoipenda. Iliandika jina lake kwenye kioo herufi kwa herufi, kila hatua ikifaulu. Ukiona LILO yote, mambo sawa. Ikikwama kwenye LI, ulijua hatua ya pili imepakiwa ila imeshindwa kuanza. Mashine ilikuonyesha mahali inapouma. Lakini ilikuwa na udhaifu: ilikariri mahali halisi kwenye diski palipo na kiini cha Linux. Ukibadilisha kiini na usahau kuiambia, kesho haikupeleki popote.

Mwaka 1995 Erich Boleyn alikuwa akihangaika kuwasha mfumo mwingine, GNU Hurd, na hangaiko hilo likazaa GRUB. Hii haikukariri mahali. Ilijua kusoma mafaili ya diski yenyewe, kwa hiyo ungeweza kuiuliza maswali kabla mfumo wowote haujaamka. Mwaka 1999 ikaingia rasmi katika mradi wa GNU, na baadaye ikaandikwa upya kuwa GRUB 2, ambayo ndiyo usambazaji mwingi wa Linux unaitumia leo. Ila ujuzi wote huo hauingii kwenye baiti 446. Ikabidi igawanywe: kipande kidogo mwanzoni mwa diski, kipande kingine nyuma yake, na kilichobaki ndani ya folda ya Linux.

Hapo ndipo nilipojikuta mwenyewe kwenye historia.

Miezi kadhaa nyuma nilikuwa nimeweka Linux kwenye diski ya nje, ile ya kuchomeka kwa USB, ili nisiguse Windows iliyo ndani. Nilijiona mjanja. Wakati wa kuiweka, chini kabisa ya ukurasa kulikuwa na swali: butiloda iwekwe diski gani? Jibu lililokuwa limejazwa tayari lilikuwa diski ya ndani. Sikulisoma, nikabonyeza endelea. Kipande cha kwanza cha GRUB kikaketi ndani ya laptopu, vingine vikabaki kwenye diski ya nje. Juzi rafiki yangu aliazima ile diski, akauliza kama anaweza kuifuta aweke muvi. Nikamwambia futa tu, sina kitu humo.

Nilikuwa na nusu ya mlango humo. GRUB iliamka, ikatafuta mwili wake, ikaukosa. Ile namba ndefu kwenye kioo ilikuwa jina la diski ya rafiki yangu.

Maana yake ni kwamba Windows haikuwa imekufa. Mahojiano yangu hayakuwa yamepotea. Kilichoharibika ni mlango, na fundi alikuwa anapendekeza tubomoe nyumba.

Dawa yake nayo ina historia. Mwaka 2000 Mjerumani Klaus Knopper alitoa Knoppix, Linux nzima inayowaka kutoka kwenye CD bila kugusa diski ya ndani. Ubuntu ilipokuja Oktoba 2004, ikafanya CD kama hiyo kuwa kitu cha kawaida. Kwa miaka kadhaa, hadi 2011, ukiagiza ulitumiwa bure kwa posta. Siku hizi ni flashi. Jumapili jirani aliniazima kompyuta yake, nikatengeneza flashi mbili. Kwa ya Linux niliwasha laptopu, nikafungua diski ya ndani, nikakuta mahojiano yote kumi na moja. Nikayanakili kwanza, kabla ya kitu kingine chochote. Kisha kwa flashi ya Windows nikaingia sehemu ya urekebishaji nikaandika `bootrec /fixmbr`. Amri hiyo huandika upya msimbo wa zile baiti 446 na kuacha orodha ya vyumba ilivyo. Ilichukua muda mfupi kuliko kumeza mate.

Usiikimbilie tu, lakini. Laptopu yangu ni ya zamani. Mashine mpya hutumia UEFI, uzao wa kazi iliyoanzia Intel miaka ya tisini, ambapo butiloda ni faili kwenye chumba chake maalumu na bodi hukumbuka orodha ya wanaoruhusiwa kuwasha. Tangu Windows 8, mwaka 2012, kukaja pia Secure Boot: bodi hukagua sahihi kabla ya kuamini butiloda. Matthew Garrett aliandika shim, programu ndogo inayotiwa sahihi na Microsoft ili Linux ipite. Ni suluhisho zuri, na pia ni kuomba ruhusa kwa jirani ili uingie kwako. Agosti 2024 sasisho la usalama la Windows lilifanya kompyuta kadhaa zenye mifumo miwili zikatae kuwasha Linux, ingawa Microsoft ilikuwa imesema mashine za aina hiyo hazitaguswa. Swali la 1975 bado lipo: nani anaongea kwanza mashine ikiamka, na nani alimpa hiyo nafasi?

Jumatatu nilituma kazi. Wiki iliyofuata nilipita kwa yule fundi nikamwonyesha flashi zangu. Hakukasirika. Alizinakili zote mbili papo hapo, akauliza hiyo amri inaandikwaje, akaiandika nyuma ya risiti.

"Lakini hukuniambia kulikuwa na diski ya nje," akasema.

Ni kweli. Hakuniuliza, nami sikujua ni jambo la kusema.