Stanislas: Jina Moja, Hati Tatu

Mwaka 2012, nikiwa darasa la tano, nilisimama nyuma ya baba yangu kwenye kilima chetu mkoani Muyinga huku wazee wa Bashingantahe wakipokezana karatasi tatu. Zote zilimtaja babu yangu, ambaye wakati huo alikuwa amekwisha kufariki. Kitambulisho chake cha zamani kiliandikwa Stanislas. Kadi ya chakula ya kambi ya wakimbizi nchini Tanzania iliandikwa Stanslaus. Hati iliyotoka parokiani iliandikwa Stanislaus. Jirani aliyekuwa akilima shamba letu tangu tulipokimbia aliuliza swali moja tu: "Hawa ni watu wangapi?"

Swali hilo halikuwa la mzaha. Jina la Kirundi la babu lilikuwa Minani, na katika kilima chochote cha Burundi huwezi kukosa akina Minani. Hupewa mtoto wa nane, kama vile Nyandwi alivyo wa saba na Bucumi wa kumi. Tena, kwa desturi yetu mtoto harithi jina la baba yake. Kila mtoto hupewa lake mwenyewe, kwa hiyo jina la baba yangu halifanani hata kidogo na la babu. Kilichobaki cha kumtambulisha marehemu kilikuwa jina la ubatizo, nalo lilikuwa limeandikwa kwa namna tatu.

Katika insha hii ninafuatilia asili na maana ya jina hilo, tangu Poland lilikozaliwa hadi Gitega na Muyinga lilikofikia. Hoja yangu ni kwamba jina tunaloliita "la dini" ni jina la kienyeji la watu wengine, na kwamba tofauti za maandishi yake ni kumbukumbu ya njia lililopita. Asiyeijua njia hiyo huona watu watatu. Anayeijua humwona mtu mmoja.

Tuanze na maana. Kwa Kipolandi jina hili ni Stanisław. Herufi ł hutamkwa karibu sawa na w yetu, na w ya mwisho husikika kama f, hivyo sikio la Mswahili husikia "Staniswaf". Limeundwa kwa sehemu mbili za kale za lugha za Kislavoni: stan-, yenye maana ya kusimama au kuwa, na sława, yaani sifa au utukufu. Wengine hulifasiri "atakayekuwa na sifa", wengine "asimamaye katika utukufu". Kwa vyovyote vile, lina kitenzi ndani yake na linabeba dua ya mzazi kwa mtoto.

Hapa mwanafunzi wa Kiswahili kutoka Burundi hajihisi mgeni. Majina yetu mengi nayo ni sentensi. Harerimana maana yake "Mungu ndiye anayelea", na kitenzi kurera cha Kirundi ni ndugu wa kulea cha Kiswahili. Ndayishimiye ni mtu anayetoa shukrani. Nkurunziza ni habari njema. Mwaka 1983 Philippe Ntahombaye alichapisha kitabu kizima juu ya majina ya Warundi, kiitwacho Des noms et des hommes, akionyesha jinsi jina linavyobeba mawazo na mahusiano ya wanaolitoa. Wapolandi wa kale walifanya kazi ileile kwa maneno yao.

Nasema wa kale kwa sababu majina ya aina hii yalikuwapo miongoni mwa Waslavoni kabla ya Ukristo. Mtawala wa Poland, Mieszko wa Kwanza, alibatizwa mwaka 966. Miongo kadhaa baadaye Wapolandi walikuwa bado wakiwaita watoto wao kwa majina ya asili, na mmoja wa watoto hao akawa askofu wa mji wa Kraków mwaka 1072. Huyo ndiye Stanisław wa Szczepanów. Aligombana na mfalme, na mwaka 1079 akauawa. Mfalme mwenyewe aliitwa Bolesław, na ukiligawa jina hilo utaikuta sława ileile ndani yake: sifa kubwa zaidi. Wote wawili walikuwa wametakiwa sifa na wazazi wao. Mfalme alikimbilia uhamishoni, na askofu akatangazwa mtakatifu mwaka 1253.

Sisi tuliosoma Gitega hatuhitaji maelezo marefu ili kuelewa uzito wa kifo cha namna hiyo. Joachim Ruhuna, askofu mkuu wa Gitega, aliuawa njiani Septemba 1996, wakati wa vita vyetu. Watu wanapomkumbuka huanza kuwaita watoto kwa jina lake.

Ndivyo ilivyokuwa kwa Stanisław. Kabla ya mwaka 1079 lilikuwa jina la nyumbani tu, kama Minani lilivyo kwetu. Kilicholiingiza katika orodha ya watakatifu ni maisha na kifo cha mtu mmoja aliyelibeba. Jambo hili si la Wakristo peke yao. Jirani zetu Waislamu wa Muyinga huwaita wana wao Hamza na Omari, majina yaliyokuwapo kwa Waarabu kabla ya Uislamu na yaliyopata heshima mpya kwa sababu ya watu waliokuwa nayo. Kwa hiyo tunaposema kwamba Stanislas ni jina la dini na Minani ni la kienyeji, tunalinganisha majina mawili ya kienyeji, moja la kwetu na moja la Kraków.

Yuko mtakatifu wa pili mwenye jina hilohilo, na nadhani yeye ndiye aliyehusika na babu yangu. Stanisław Kostka alizaliwa mwaka 1550 katika familia ya kitajiri ya Poland, akapelekwa kusoma Vienna. Alitaka kujiunga na shirika la Wajesuiti, lakini baba yake alikataa. Mwaka 1567, akiwa na umri wa miaka 16, alitoroka Vienna kwa miguu hadi Dillingen, Ujerumani, kisha akaendelea mpaka Roma. Hakukaa huko hata mwaka mmoja kamili. Alifariki tarehe 15 Agosti 1568, akatangazwa mtakatifu mwaka 1726. Anahesabiwa kuwa msimamizi wa vijana na wanafunzi.

Sasa, jina la Poland lilipataje umbo la Kifaransa tunalolitumia Burundi? Watakatifu walitangulia, lakini katika Ufaransa mfalme naye alichangia. Stanisław Leszczyński alichaguliwa kuwa mfalme wa Poland mara mbili, mwaka 1704 na mwaka 1733, na mara zote mbili akapoteza kiti. Binti yake, Maria, alikuwa ameolewa na Louis wa 15 wa Ufaransa mwaka 1725. Mkwe alimpatia baba mkwe jimbo la Lorraine alitawale hadi mwisho wa maisha yake, naye akalitawala mpaka alipofariki mwaka 1766. Katika mji wa Nancy alijenga uwanja mkubwa ambao leo unaitwa Place Stanislas. Mfalme aliyekosa nchi yake akawaachia Wafaransa jina lake.

Miaka 100 hivi baadaye, kuanzia 1863 hadi 1867, askofu wa Nancy alikuwa Charles Lavigerie. Kutoka hapo alihamishiwa Algiers, na mwaka 1868 akaanzisha shirika la Wamisionari wa Afrika, wanaojulikana zaidi kama Mapadri Weupe. Sidai kwamba Lavigerie alilibeba jina la Stanislas mfukoni mwake. Nasema tu kwamba watu walioleta ubatizo Burundi walitoka katika Kanisa ambalo jina hili lilikuwa tayari limekwisha kuzoeleka, likiwa limevaa sauti ya Kifaransa.

Mapadri hao walijaribu kwanza kuingia Burundi kupitia Rumonge, kando ya Ziwa Tanganyika, mwaka 1879, lakini wamisionari watatu wakauawa huko mwaka 1881. Misheni za kudumu zilianza Muyaga mwaka 1898, kisha Mugera, katika eneo la Gitega, mwaka 1899. Misheni ya Rugari, Muyinga, nayo ilifunguliwa katika enzi za Wajerumani. Kila misheni ilikuwa na daftari la ubatizo. Ndani yake padri aliandika kwa Kilatini jina la mtoto, la baba, la mama na la msimamizi wake, pamoja na tarehe. Pembeni aliacha nafasi ya kuongeza kipaimara na ndoa miaka ilipopita.

Aliyenifundisha kulisoma daftari la namna hiyo ni katekista mstaafu wa Gitega, niliyemtembelea nilipokuwa nikitayarisha insha hii. "Mwanangu," aliniambia, "padri alikuwa na kalenda ukutani. Mzazi akija bila jina, padri aliangalia kalenda." Ndipo nilipoelewa mantiki iliyojificha. Kabla ya kalenda ya Kanisa kubadilishwa mwaka 1969, sikukuu ya askofu wa Kraków ilikuwa tarehe 7 Mei, na ya Kostka iliadhimishwa tarehe 13 Novemba. Babu alibatizwa akiwa kichanga, katikati ya Novemba 1941. Ndiyo maana nasema kwamba huenda wajina wake ni yule kijana aliyetembea kutoka Vienna.

Jina likazoeleka. Dayosisi ya Muyinga ilipozaliwa kutoka Ngozi mwaka 1968, askofu aliyewekwa Ngozi alikuwa Stanislas Kaburungu, na aliongoza huko mpaka mwaka 2002. Papa Yohane Paulo wa Pili, aliyeitembelea Burundi Septemba 1990, alikuwa amekalia kiti kilekile cha Kraków alichokalia askofu Stanisław. Sijui ni wangapi kati ya akina Stanislas waliokwenda kumwona walitambua kwamba aliyekuwa mbele yao alitoka nyumbani kwa jina lao. Nyumbani kwetu bibi hakujali hayo yote. Yeye alisema "Sitanisilasi", akitia irabu kila konsonanti ilipokwama, na akiwa na furaha alimwita "Stani".

Tarehe 21 Oktoba 1993 Rais Melchior Ndadaye aliuawa, na nchi ikawaka. Babu, bibi na baba yangu walitembea mpaka Kobero, wakavuka na kuingia wilaya ya Ngara, Tanzania. Upande ule wa mpaka jina lina historia nyingine. Wajerumani na Waingereza, walioitawala Tanganyika kwa zamu, hulitumia kwa umbo la Kilatini, Stanislaus, na Watanzania wamelifupisha kwa sikio lao likawa Stanslaus. Ndivyo linavyoandikwa, kwa mfano, jina la Stanslaus Mabula, aliyechaguliwa kuwa mbunge wa Nyamagana, Mwanza, mwaka 2015. Basi karani wa kambi alipomsikia babu akijitaja, aliandika alivyozoea. Hakukosea. Aliandika jina sahihi la upande wa pili wa Kobero. Nami nilizaliwa hukohuko kambini, na babu akafariki hukohuko, kabla hatujarudi Muyinga.

Turudi kilimani. Kilichotusaidia siku ile hakikuwa ufasaha wa baba yangu. Ilikuwa ile hati ya parokia, iliyonakiliwa kutoka daftari la mwaka 1941. Juu iliandikwa Stanislaus kwa Kilatini, umbo ambalo ni mama wa yale mengine mawili: ukilifuata Kifaransa unapata Stanislas ya kitambulisho, ukilifuata Kitanzania unapata Stanslaus ya kambi. Chini yake kulikuwa na maneno yaliyoongezwa pembeni ya daftari siku babu alipofunga ndoa, yakitaja jina la bibi. Jina hilo la bibi lilikuwamo pia kwenye kadi ya kambi. Na bibi mwenyewe alikuwa ameketi palepale, chini ya mti, na fimbo yake.

Mzee mmoja, aliyewahi kuwa mwalimu, alizisoma karatasi zote tatu kwa sauti, moja baada ya nyingine. Kisha akamgeukia jirani yetu. "Mwenzangu," alisema, "umeuliza hawa ni watu wangapi. Ni mmoja."

Hatukurudishiwa shamba lote. Jirani naye alikuwa amelima hapo karibu miaka 20, watoto wake walizaliwa hapo, na wazee walituomba tugawane. Tuligawana. Baba alikubali huku akiwa na uchungu, na hadi leo upande wa migomba uko kwao na upande wa mihogo uko kwetu. Lakini babu alipata tena kilima chake, maana wazee walikubali mbele ya watu wote kwamba aliyezaliwa pale mwaka 1941 ndiye aliyefia Ngara.

Wenzangu wengi chuoni wanajadili kama tuyaache majina ya ubatizo tubaki na ya Kirundi. Siupingi mjadala huo, na najua kwamba majina hayo yalitufikia pamoja na utawala wa wageni. Ninaloomba ni kwamba kabla ya kuliacha jina tulisome kwanza. Ndani ya Stanislas nimekuta dua ya mzazi wa Poland, kifo cha askofu, safari ya kijana kwa miguu, mfalme asiye na nchi, kalenda ya padri ukutani, na mpaka wa Kobero. Babu yangu hakuwa na habari za Kraków wala Nancy. Jina lake, hata hivyo, linasema habari ya kusimama, na siku ile kilimani ndilo lililosimama badala yake.