Kifuko cha Kiwiko na Historia ya Matibabu Yake

Watu wa Mikindani, wa Msimbati, na wa vijiji vilivyo karibu na mlango wa mto Ruvuma waujua uvimbe ule uotao nyuma ya kiwiko, mwororo kama yai lililofungwa ndani ya kitambaa. Wazee wengine wa pwani hukiita kiungo kile kisugudi; jina si kitu, maradhi ni yale yale. Sisi wenyewe tulipatwa nao katika muhula mmoja wa mitihani, tulipokuwa tukisahihisha madaftari usiku huku tumeegemea meza ya mti mgumu. Maumivu hayakuwa mengi, ila aibu, maana watoto walitazama kiwiko chetu kuliko ubao. Basi tukatafuta habari zake, na hizi ndizo tulizozipata.

Mahali pengi mwilini ambapo ngozi au kano husugua mfupa pana kifuko chembamba chenye ute kidogo sana, nacho hufanya kazi kama mafuta katika gurudumu. Kifuko kikiwa kizima, mwenyewe hajui kama anacho. Lakini kikigandamizwa kila siku, au kikigongwa mara moja kwa nguvu, hutoa maji mengi na kuvimba. Mwaka 1788 Alexander Monro, mwalimu wa elimu ya mwili katika chuo cha Edinburgh, alichapisha kitabu kizima juu ya vifuko hivi, pamoja na maradhi yake na namna ya kuvipasua. Waingereza waliupa ugonjwa wa kiwiko majina mawili: kiwiko cha mwanafunzi, kwa sababu ya kuegemea meza, na kiwiko cha mchimba makaa, kwa kuwa wachimbaji walitambaa kwa viwiko katika mashimo yasiyo na kimo. Hapa kwetu hakuna mashimo ya makaa, lakini yuko fundi alalaye ubavu chini ya jahazi akiziba nyufa, na yuko mzee ashindaye barazani akiegemea sakafu ya saruji.

Dalili za uvimbe wenye moto zilikwisha kuandikwa zamani sana. Celsus, Mrumi wa karne ya kwanza, alizitaja nne: wekundu, uvimbe, joto, na maumivu. Elimu ya tiba ya Waarabu na Waajemi nayo ilikuwa kubwa. Ibn Sina alimaliza kitabu chake cha Kanuni yapata mwaka 1025. Pwani yetu waganga walitumia chuku, na chale, na moto. Hatupendi kuwacheka. Aliyefunga mkono kwa majani mabichi na kumkataza mgonjwa kazi alifanya jambo jema, kwa kuwa kupumzika na kupoza ndiyo dawa ya kwanza hata leo. Tena kuutoboa uvimbe si upumbavu kwa asili yake, maana daktari naye hutoboa. Sindano ni sindano. Tofauti ni usafi wake. Na usafi huo hata Ulaya ulichelewa: ni mwaka 1867 tu Joseph Lister alipotangaza kazi yake ya kuosha vidonda kwa dawa ya kuua vijidudu, karibu miaka 80 baada ya kitabu cha Monro. Kabla ya hapo, mtu aliyepasuliwa na daktari mwenye sifa aliweza kufa kwa usaha sawasawa na aliyetobolewa kwa mwiba.

Katika kusini yetu, Dakta Leader Stirling alifika mwaka 1935, akafanya kazi ya upasuaji Lulindi katika nchi ya Masasi. Huyu ndiye aliyekuja kuwa Waziri wa Afya wa Tanzania mwaka 1975. Lakini mtu wa Msimbati mwenye mkono unaowaka angefikaje Lulindi? Ni safari ya siku nyingi kwa miguu. Tena penisilini, ambayo Alexander Fleming aliigundua London mwaka 1928, haikuwafikia watu wa kawaida ila baada ya vita vya 1939 hata 1945. Leo iko hospitali ya Ligula pale pale Mtwara.

Twasema hivi kwa sababu ya jirani yetu, fundi wa mashua. Uvimbe wake ulikuwa baridi, hauna maumivu, na mkono ulikunjika vizuri. Uvimbe wa namna hiyo hutulia wenyewe kwa majuma au miezi, mtu akiacha kuuegemea. Yeye akaona haya, akautoboa kwa ndoana aliyoipitisha motoni kidogo, akaifuta kwa nguo. Maji yakatoka, akafurahi. Siku ya tatu kiwiko kikawa chekundu, kikapata moto, na homa ikapanda. Hapo ndipo dalili za Celsus zilipotimia, na hapo hakuna kungoja hata siku moja, hasa mwenye kisukari. Daktari huvuta maji kwa sindano safi ayapime, kwa maana huenda ni usaha, huenda ni jongo; kama ni usaha, hutoa dawa za kuua vijidudu, na pengine hupasua. Na mtu aliyeanguka hupigwa picha ya mfupa, asije akawa amevunjika.

Jirani alikaa siku nne nyumbani kabla ya kukubali kupelekwa. Mkono ulipona, lakini haunyoki tena mpaka mwisho. Sisi tulishona mto mdogo wa sufi, tukauweka mezani, na katika juma la saba uvimbe wetu ukawa umekwisha. Yeye bado anachonga mashua, ila tezo huishika kwa mkono wa kushoto.