Maarifa ya vitendo na maarifa ya nadharia

Maarifa ya vitendo ni ujuzi na busara anavyovipata mtu kwa kuifanya kazi yenyewe mahali panapohusika. Maarifa ya nadharia ni kanuni za jumla zinazodaiwa kufaa popote. Aristoteli alikwisha kuyatenganisha katika karne ya 4 KK. Tofauti hiyo si ya cheo: nadharia isiyopimwa kwa uzoefu wa mahali huleta hasara, na ushahidi wake ni Mpango wa Karanga wa Tanganyika.

Baada ya Vita Kuu ya Pili Uingereza ilikosa mafuta ya kula. Mwaka 1946 ujumbe wa Uingereza ulioongozwa na John Wakefield ulizunguka kwa wiki tisa, ukikagua maeneo mengi kutoka angani, ukapendekeza ekari zaidi ya milioni 3 zilimwe karanga kwa mashine, nyingi zikiwa Tanganyika. Kazi ilianza Kongwa, Ugogo, mwaka 1947. Lengo la kwanza lilikuwa ekari 150,000. Zilizopandwa hazikufika 10,000. Mchanga mkali uliomo katika udongo wa Kongwa ulikula majembe ya trekta, na kiangazi kilipoingia mfinyanzi wake ulikauka ukawa kama saruji. Ua la karanga likishachavushwa huteremsha kikonyo kinachopenya ardhini, na tunda hukomaa humo. Ardhi iliyoshupaa hulitesa zao hilo tangu kuzaa hadi kung'olewa. Mvua nazo zilikuwa za kubahatisha. Wagogo, wenyeji wa hapo, walitegemea mifugo, uwele na mtama kwa sababu waliijua nchi yao. Mpango ulivunjwa mwaka 1951, ukiwa umeteketeza takriban pauni milioni 36.

Mtu aweza kupinga kwamba hiyo ilikuwa sayansi iliyofanywa vibaya, kwani vipimo kamili vya udongo na mvua vingetosha kuonya. Ni kweli, ila vipimo hivyo huchukua misimu, na kuisubiri misimu ndiko kukubali kufundishwa na mahali. Wenyeji walikwisha kuisubiri kwa vizazi. Hoja nyingine ni kwamba uzoefu nao hukosea, na ujuzi wa Kongwa haumfai mkulima wa Nachingwea, kusini mwa nchi. Hapo nadharia ina kazi yake: kueleza sababu, na kubainisha desturi ipi ina msingi. Lakini haina haki ya kuanza na ekari milioni. Ianze na shamba dogo la majaribio, mkulima wa hapo akiulizwa na jibu lake likiwa na uzito wa kuubadili mpango.