Kasisi wa Selborne na Daftari la Majuma

Kusini mwa Uingereza, mwendo wa maili 50 hivi kutoka London, katika jimbo la Hampshire, pana kijiji kiitwacho Selborne, chenye njia moja kuu, kanisa la mawe, na kilima cha chokaa kilichofunikwa kwa msitu mnene, kijiji ambacho hakikupata kuwa makao ya mfalme wala soko la kutajika. Na pamoja na hayo jina lake lajulikana na wasomi wa nchi nyingi, kwa sababu mtu mmoja aliyezaliwa hapo tarehe 18 Julai 1720, na akafa hapo tarehe 26 Juni 1793, alijizoeza kuzunguka katika mashamba na vichaka vyake na kuandika, siku baada ya siku, yale aliyoyaona kwa macho yake. Mtu huyo ni Gilbert White, mjukuu wa kasisi wa kijiji, aliyesoma katika Chuo cha Oriel huko Oxford, akawa kasisi msaidizi, asioe, wala asitafute cheo kikubwa ambacho kingemwondoa katika mahali alipopapenda.

Desturi yake ilianza kwa jambo dogo. Mwaka 1751 alifungua daftari la bustani, akaandika ndani yake siku ya kupanda matango na matikiti, mbolea aliyotia, na mvua iliyonyesha. Na mwaka 1753, yeye na ndugu yake John walikata njia ya kupanda kilima, ikienda upande huu na kurudi upande ule mpaka kileleni, na watu wanaipita hata leo. Lakini taratibu iliyomfanya kuwa mwanachuoni wa majira ilimfikia baadaye, pale hakimu mmoja aliyeitwa Daines Barrington alipobuni daftari lenye kurasa zilizopigwa chapa na kugawanywa kwa mistari, na Benjamin White, ndugu wa Gilbert, aliyekuwa muuza vitabu London, akalitoa kwa watu. Kila ukurasa ulikuwa wa juma moja. Siku saba zilipangwa kutoka juu kwenda chini, na kila siku ilikuwa na nafasi ya joto, ya uzito wa hewa, ya upepo, ya mvua, ya miti iliyochanua majani, ya maua yaliyofunguka, ya ndege na wadudu waliotokea au kutoweka, na mwisho nafasi ya mambo mengineyo. Tangu mwaka 1768 White alijaza kurasa hizo, na hakuacha mpaka siku chache kabla ya kufa kwake. Robo ya karne nzima ya majuma.

Faida ya ukurasa wa namna hiyo si haba. Mtu aandikaye akitaka tu huandika yaliyomshangaza, na yaliyomshangaza ni machache na mara nyingi hudanganya; ilhali mtu aliyejifunga kwa nafasi za siku saba hulazimika kuuliza, hata katika siku iliyo tupu kabisa, upepo umetoka wapi na ndege gani amelia. Hivyo ndivyo White alivyopata kujua kwamba teleka, ndege wale weusi wenye mbawa ndefu zilizopinda, ambao karibu maisha yao yote hupita angani, walikuwa wakirudi Selborne kila kiangazi kwa idadi ile ile, jozi nane, wakikaa katika kanisa na chini ya mapaa ya nyumba za maskini. Na kwamba waliondoka katika Agosti, wakati hali ya hewa ingali ya joto na chakula kingali tele, jambo lililomsumbua fikira maisha yake yote.

Matembezi yake ya kiangazi hayakuwa ya kupunga upepo tu. Mathalani alipotaka kuwajua nyenje wa mashambani, waliokuwa wakiimba katika mteremko mmoja wa majani karibu na kijiji, alijaribu kwanza kuwachimbua kwa jembe, akaona kwamba chombo hicho ama hakiwafikii ama huwaponda. Ndipo akachukua unyasi mwembamba unaopindika, akauingiza polepole katika tundu, ukafuata mikunjo yake yote mpaka mwisho, na mwenye nyumba akatoka nje mzima, bila ya jeraha. Upole ule katika mkono wa mtafiti unastahili kukumbukwa, maana elimu ya zama zake aghalabu ilianza kwa bunduki na kuishia katika chupa ya pombe kali.

Wala macho yake hayakuwa kwa ndege na wadudu peke yao. Katika barua moja ya mwaka 1775 alieleza namna maskini wa kijiji walivyojipatia mwanga. Kiangazi kilipokolea, wazee, wanawake na watoto walikwenda kando ya vijito kukata nyasi za majimajini zenye moyo laini. Wakazitia majini zisikauke, wakaziambua ganda lote isipokuwa ukanda mmoja mwembamba wa kuushikilia moyo ule, wakazitandaza majanini zipigwe na umande kwa siku kadhaa, kisha wakazianika juani, na hatimaye wakazichovya katika mafuta ya moto, ambayo mwanamke mwangalifu aliyapata bure kwa kuengua sufuria alimopikia nyama ya nguruwe. White hakutosheka na kusimulia. Alipima ratili moja ya nyasi kavu, akahesabu ndani yake zaidi ya nyasi 1,600. Akawasha mmoja ulio mrefu, akakuta unawaka dakika 57. Akafanya hesabu ya gharama yote, akathibitisha kwamba kwa robo ya peni maskini huweza kupata mwanga mzuri wa saa tano na nusu. Hesabu hii ndogo ni ya heshima kubwa kwa watu wanyonge, kwa kuwa yeye aliyeifanya aliona kwamba usiku wa mtu maskini ni jambo linalostahili kupimwa kwa usahihi ule ule unaopimia nyota.

Kijiji kilikuwa mbali, lakini habari za dunia zilifika kwa magazeti na barua, na daftari la majuma lilizipokea pamoja na mengineyo. Kiangazi cha mwaka 1783 kilimpa kazi ya kutafakari isiyo ya kawaida. Tangu tarehe 23 Juni mpaka 20 Julai utusitusi wa ajabu ulifunika nchi. Jua la adhuhuri lilikuwa hafifu mfano wa mwezi uliozibwa na mawingu, na nuru yake juu ya ardhi ilikuwa ya rangi ya kutu. Joto lilikuwa kali hata nyama iliyochinjwa leo haikulika vema kesho, na nzi walizidi vichochoroni mpaka farasi wakakaribia wazimu. Watu wa kijiji waliingiwa na hofu, na White hakuwacheka. Alikiri kwamba hata mtu aliyeelimika alikuwa na sababu ya kushtuka, kwa kuwa katika mwaka ule ule zilikuwa zimesikika habari za matetemeko yaliyobomoa miji ya Kalabria na Sisilia nchini Italia. Sababu yenyewe haikuwa Italia. Tarehe 8 Juni ardhi ya Laki, katika kisiwa cha Aisilandi, ilipasuka na kutapika moto na moshi wa sumu kwa miezi minane, na njaa iliyofuata iliua karibu mtu mmoja katika kila watano wa kisiwa hicho. White hakuyajua hayo. Lakini aliandika tarehe, rangi, joto na mwendo wa upepo kwa uaminifu, na wataalamu wa leo wa hali ya hewa husoma maandishi yake miongoni mwa ushahidi wa msiba ule.

Mwaka uliofuata habari ilimjia kwa furaha. Alisoma kwamba Mfaransa Blanchard angepaa kwa puto kutoka Chelsea, na kwa kuwa aliujua upepo wa siku zile, alipiga hesabu kwamba puto lingepita juu ya Selborne. Akawaendea jirani zake njiani kuwaambia wakae tayari. Jumamosi tarehe 16 Oktoba 1784, saa tisa kasorobo hivi alasiri, alitokea mbinguni kipande kidogo cha buluu iliyoiva, mbali mno, kikapita juu ya mlingoti wa kijiji, kisha juu ya dohani ya nyumba yake, kikatoweka nyuma ya mjozi wake mkubwa. Hapo mtu aona jinsi elimu ya mahali pamoja inavyoweza kupokea jambo la ulimwengu: gazeti lilimpa habari, lakini upepo aliokwisha kuupima kwa majuma mengi ndio uliomwambia atazame wapi.

Mwaka 1789 barua zake 110, baadhi kwa Barrington na baadhi kwa mwanachuoni Thomas Pennant, zilitolewa kuwa kitabu cha historia ya viumbe wa Selborne, na tangu hapo hakijakosa wasomaji. Humo aliwatetea nyungunyungu, akisema kwamba viumbe hawa wanaodharauliwa huitoboa ardhi, huilegeza na kuirutubisha, na kwamba wangalitoweka upungufu mkubwa ungalionekana. Na karibu karne moja baadaye, mwaka 1881, Charles Darwin naye alitoa kitabu kizima juu ya nyungunyungu hao hao.

Swali moja, hata hivyo, lilimshinda. Mbayuwayu na teleka walikwenda wapi? Alikubali kwamba wengi walihamia nchi za joto, lakini hakuweza kuiacha dhana kwamba baadhi yao walijificha na kulala usingizi mzito katika mashimo ya kilima chake. Aliajiri watu wapekue vichaka na mapango, wasione kitu. Na tuitukuze tabia yake, maana aliyaandika matokeo hayo yaliyoidhoofisha dhana yake bila ya kuyaficha. Jibu lilichelewa. Mbayuwayu aliyefungwa pete mguuni huko Staffordshire mwaka 1911 alipatikana Natal, Afrika ya Kusini, katika Desemba 1912. Na katika zama zetu vyombo vidogo vilivyofungwa migongoni mwa teleka wa Uingereza vimeonyesha kwamba hupitisha miezi ya baridi juu ya misitu ya Kongo, na baadhi hufika Msumbiji.

Basi nusu ya jibu alilolitafuta Gilbert White ilikuwa angani mwetu. Wakati ukurasa wake wa Novemba ulipokosa mbayuwayu, ndege hao walikuwa wakiwinda wadudu juu ya mashamba ya Afrika, mbele ya macho ya wakulima, wachungaji na wavuvi waliowaona kila mwaka. Macho yalikuwapo, lililopunguka ni ukurasa wa kuyapokea yaliyoonwa na njia ya kuyapeleka kwa mwenye kuuliza. Leo upungufu huo hauna udhuru. Mwalimu wa Pangani, mkulima wa Makunduchi, nahodha wa Lamu, kila mmoja wao anajua kusi ilipovuma, mvua ya vuli ilipochelewa, na ndege wageni walipofika; na akiyaweka hayo katika daftari, siku saba kwa ukurasa, akitenga alichokiona na alichosikia, atakuwa ametoa kwa watoto wake amana isiyoweza kununuliwa baadaye kwa mali yoyote, kwa sababu juma likishapita bila ya kuandikwa hakuna elimu iwezayo kulirudisha.